Ubao wa wasanii wa shule yetu: aliyetolewa kwa karo anahesabiwa?

Mchora Mabango

Hamjambo nyote. Nina kazi mkononi na leo ni siku ya nne imenikwama. Naomba msaada wenu, hasa mliofundisha muziki au drama hapa Nairobi, na mliowahi kukaa kwenye kamati za wanafunzi wa zamani.

Mimi naandika mabango kwa brashi. Kibanda changu kiko jirani na Kirinyaga Road, katikati ya wauza vipuri. Shule niliyosoma, ya mseto huku Eastlands, inatimiza miaka 50 mwezi wa Agosti, na kamati imeniletea plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4. Ubao wa kwanza ni wa wanasiasa, madaktari na wakubwa wa mashirika. Huo nimeumaliza. Wa pili kichwa chake ni "Muziki, Filamu na Burudani", na orodha niliyopewa ina majina kumi na moja: mtangazaji wa redio, waimbaji wawili wa injili, kijana wa vichekesho, dada mmoja anayeonekana kwenye tamthilia za runinga, na wengine wa namna hiyo. Wote wanastahili na nitawaandika vizuri. Ila nimeipitia orodha hiyo mara tatu nikitafuta jina moja, na halimo.

Nitamwita Mpiga Besi. Tuliingia naye kidato cha kwanza mwaka 1994. Shule ilikuwa na gitaa moja la besi, zee, ambalo uzi wake mnene ulikuwa umekatika kabla hata hatujafika. Yeye alichukua waya wa breki ya baiskeli, akausugua kwa msasa mpaka kutu ikaisha, akaufunga pale. Sauti iliyotoka haikuwa nzuri sana, lakini ilikuwa sauti, na kila Ijumaa meza za bwalo zikishapanguswa tulifanya mazoezi kwa gitaa hilo. Mwaka 1996 alichukua wimbo aliofundishwa na nyanya yake, wimbo wa kubembelezea mtoto, akaugawa sauti nne bila kuandika noti hata moja. Alikuwa anakuja mbele yako, anakuimbia mstari wako sikioni, kisha anahamia kwa mwingine. Mimi nilikuwa alto. Mpaka leo nikianza kuosha vyombo ule mstari unajileta wenyewe.

Kwenye mashindano ya muziki tulifika ngazi ya mkoa na wimbo ule. Tukarudi na cheti, kikatundikwa ofisini. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya paredi, yakasomwa majina ya wenye salio la karo, na lake likiwamo. Alibeba sanduku lake akatoka lango kuu, na hakurudi tena.

Tangu siku hiyo anapiga besi. Amepiga kwenye studio za River Road, kwenye bendi za hoteli, kwenye makanisa matatu ninayoyajua. Kuna nyimbo zinazochezwa redioni hadi leo na besi ni yake, ila jina juu ya kasha ni la mwimbaji. Nilipomuuliza katibu wa kamati, alinijibu kwamba ubao ni wa waliohitimu, na tena watu hawamjui.

Sasa nauliza. Shule nyingine hufanyaje? Ni lazima mtu awe amemaliza? Ni lazima awe maarufu? Na bendi ikitoka shuleni, mnaandika jina la bendi au majina ya watu? Nafasi iliyobaki kwenye plaiwudi inanitosha majina mengine sita.

Tena wa Upper Hill

Dada, hilo swali lako la bendi sisi tuliosoma shule ya Upper Hill tunaliishi.

Kila mtu anajua bendi ya Sauti Sol ilianzia kwetu. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikuwa wanafunzi wa Upper Hill, waliimba pamoja kwenye kundi la injili la Voices in the Light, na mwaka 2005 wakaanza lao. Waliimba kwa midomo mitupu, bila ala. Mimi niliingia shuleni baada yao, na nilikuta kila kidato kina watu watatu au wanne wanaojaribu kuimba hivyo hivyo nyuma ya madarasa. Kuimba bila ala hakudai pesa ya mtu. Hapo ndipo ninapoona shule ilichangia: si kwa vifaa, bali kwa kuwaweka wavulana wenye sauti tofauti mahali pamoja kwa miaka minne.

Lakini Polycarp Otieno, yule wa gitaa, hakuwa wa kwetu. Alijiunga nao baadaye, wakiwa wameshatoka shuleni, na wakati huo kitovu chao kilikuwa Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa pale mjini. Kwa hiyo ukiandika "Sauti Sol" kwenye ubao wa Upper Hill umejitwalia mtu asiye wa shule. Ukiandika majina matatu peke yake, mtoto wa kidato cha kwanza atapita bila kujua ni akina nani. Ningekuwa mimi ningeandika jina la mtu kwa herufi kubwa, miaka aliyokaa, kisha chini kwa herufi ndogo: Sauti Sol.

Kuhusu huyo Mpiga Besi wako, nitakupa mfano. Mwaka 2020 Burna Boy wa Nigeria alitoa albamu ya *Twice as Tall*, na ndani yake kuna wimbo mmoja ambao Sauti Sol wameshiriki. Mwaka 2021 albamu ile ikapata Grammy. Tuzo ni ya mwenye albamu, hilo halina ubishi. Lakini Nairobi nzima tulishangilia, kwa sababu tulijua sauti za nani zimo mle. Hakuna aliyesema hawahesabiwi kwa kuwa jina lao halikuwa la kwanza kwenye kasha. Kama tuliweza kuwahesabia wao, na ni haki yao, basi na mtu aliyewapigia wengine besi miaka karibu thelathini tumhesabu kwa kipimo kile kile.

Mwalimu Mstaafu, Kangemi

Binti yangu, nimefundisha muziki shule za serikali miaka 31, kwa hiyo vumilia nikiandika kirefu.

Kwanza la kumaliza. Kila shule ina rejista ya kuwaandikisha wanafunzi. Mtoto akipokewa anapewa nambari, jina linaandikwa kwa kalamu, na tarehe. Ile nambari haifutwi akiondoka. Haipewi mtoto mwingine hata miaka mia ikipita. Nenda ofisini, uombe kitabu cha 1994, utafute jina lake. Likiwepo, huyo ni mwanafunzi wa zamani wa shule ile, na katibu wenu hana kitabu kingine cha kushindana na hicho.

Pili la umaarufu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, nami nimepeleka kwaya huko tangu ngazi ya chini hadi taifa. Cheti cha kwaya huandikwa jina la shule. Mtoto aliyezigawa zile sauti nne, jina lake halipo popote kwenye karatasi ile. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Kumbukumbu yao iko vichwani mwa wale walioimba mistari yao, kama ulivyo wewe na alto yako. Kwa hiyo usipoandika wewe, sijui ni nani mwingine utakayemngoja aandike.

Sasa nikupe jambo gumu zaidi kuliko la karo, maana mbao hizi zina mambo.

Shule ya Nairobi, pale Waiyaki Way, ilifunguliwa mwaka 1931 ikiitwa Prince of Wales School, na ilikuwa ya wavulana Wazungu peke yao. Mwanafunzi wake aliyevuma kuliko wote katika muziki ni Roger Whittaker. Alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1936, na gitaa lake la kwanza, akiwa na miaka saba, alitengenezewa na mfungwa wa vita Mwitaliano. Mtakumbuka sauti yake nzito na ule mluzi wake. Redio ya Kenya haikuchoka kumpiga. Alipomaliza shule aliitwa jeshini, akatumikia miaka miwili katika Kenya Regiment, akiwasaka Mau Mau kwenye misitu ya Nyandarua. Mwaka 1959 akaenda Uingereza, na huko ndiko jina lilikokulia. Alifariki mwaka 2023.

Babangu alikuwa kizuizini miaka hiyo, kambi ya Manyani, walikofungiwa watuhumiwa wa Mau Mau. Mimi nimekaa darasani na watoto wa Kenya huru nikiwafundisha kupiga mluzi kwa pumzi ya tumbo, nikawachezea sahani ya Whittaker kwa sababu hakuna aliyeufanya mluzi vizuri kuliko yeye. Sikuona haya, wala sikusahau Manyani. Ningeulizwa kama jina lake liandikwe, ningesema liandikwe, ila liandikwe pamoja na jina la shule la wakati ule na miaka aliyosoma. Mtoto akisoma "Prince of Wales School" atauliza. Ataona kwamba majina ya miaka hiyo yote ni ya Wazungu, na atauliza tena. Mwalimu wa zamu atalazimika kumjibu.

Ndiyo maana nakubaliana na huyo kijana wa Upper Hill: miaka iwekwe. Na wa kwako umwandikie 1994–1996, namba zenyewe zitasema hakumaliza. Usiongeze neno na usipunguze.

Mama Wawili, South B

Mwalimu, shikamoo. Hapo kwa Manyani nimesimama kusoma kidogo.

Mimi nataka kusema juu ya filamu, kwa sababu naona mnavutwa na muziki. Mwigizaji Lupita Nyong'o alisoma shule ya Rusinga, kisha St. Mary's, akamaliza huko mwaka 2001. Kwa hiyo shule mbili za Nairobi zinaweza kuandika jina lake na zote zikawa sawa. Lakini jukwaa lake la kwanza la kulipwa halikuwa la shule hata moja. Alikuwa na miaka 14 alipocheza Juliet na Phoenix Players, kikundi kilichokuwa na ukumbi mdogo pale Professional Centre, Parliament Road. Nimewahi kukaa ukumbini mle. Ukinyoosha mguu ulikuwa karibu unamgusa mwigizaji.

Na kuna jambo ambalo watu hulipita. *The Constant Gardener* ilipopigwa hapa Kenya, Lupita alikuwemo, lakini si mbele ya kamera. Alikuwa miongoni mwa vijana wa kutumwa huku na huku kwenye utengenezaji. Filamu ilitoka mwaka 2005. Oscar aliipata mwaka 2014. Hebu fikiria kama mwaka 2006 shule zake zingekuwa zinaandika ubao wa watu wa filamu: kuna kamati ingemweka? Wangesema watu hawamjui.

Ubao wako usiishie kwa wanaoonekana. Tafuta aliyesoma hapo na sasa anapaka waigizaji rangi, anayeshika taa, anayeshona mavazi, anayekata na kuunga picha. Majina yao hupita mwisho wa filamu wakati watu wanatafuta rimoti.

Nina sababu yangu. Binti yangu wa kwanza ameanza Gredi ya 10 mwaka huu, na amechagua njia ya masomo ya Sanaa na Michezo. Familia nzima ilinijia juu, kuanzia kwa kaka zangu hadi shangazi wa kijijini: atakula nini? Sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Shuleni kwake kuna ubao kama wako na una majina mawili tu ya wasanii, wote waimbaji wa kutokea kwenye runinga. Yeye anapenda kurekodi sauti. Hukaa kitandani na simu anarekodi mvua kwenye mabati, anarekodi makanga wakiita abiria wa South B, halafu anazipanga. Angeona jina moja tu la mtu aliyekula kwa kazi hiyo, lingemfaa kuliko maneno yangu yote.

Ngoma za Umoja

Dada, kabla hujachovya brashi, muulize mwenyewe.

Mimi ni mpiga ngoma, na ninajua kwa nini nasema hivi. Nilimaliza kidato cha nne lakini kulikuwa na salio, na cheti changu cha KCSE kilikaa kwenye kabati ya mwalimu mkuu miaka 9. Jina la shule sitalitaja. Miaka hiyo 9 sikuweza kuomba hata kazi ya askari wa lango. Baadaye nilipoanza kuonekana nikipigia bendi moja kwenye runinga, nikapigiwa simu niende siku ya wanafunzi wa zamani, nipige bure, na picha yangu itawekwa ukutani. Nilikataa. Leo pengine ningekubali, watoto hawana makosa. Lakini wakati ule ingeniuma sana, na mtu angenisaidia kwa kuniuliza tu.

Watu wa besi na ngoma tumezoea kukaa nyuma. Si kila mmoja anataka kusogezwa mbele, na hasa pale lango lilipomfungia.

Mchora Mabango

Nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku tisa. Nimewasoma wote, zaidi ya mara moja.

Mwalimu, nilifanya kama ulivyoniambia. Nilienda ofisini Jumanne, karani akanitolea vitabu viwili vizito, vya kurasa pana, kona zake zimeliwa na mende. Nilimkuta ukurasa wa 1994, mistari minne tu juu ya jina langu mwenyewe. Nambari yake, majina yake yote matatu, shule ya msingi aliyotoka. Kulia kuna safu ya tarehe ya kuondoka na safu ya sababu. Kwenye sababu kumeandikwa neno moja, karo, na pembeni kwa wino mwekundu: salio sh 7,340. Nilikaa na kidole pale. Elfu saba mia tatu na arobaini. Mkopo wa rangi na tapentaini ninaouchukua mimi kwa mwezi unaweza kuzidi hapo.

Nilimuuliza karani kile cheti cha mkoa kiko wapi. Akasema stoo ilisafishwa walipojenga maabara mpya, na karatasi nyingi zilichomwa. Kwa hiyo ile rejista ndiyo ushahidi pekee uliobaki.

Niliipiga picha nikampelekea mwenyekiti wa kamati, si katibu. Alinipigia jioni. Alikuwa darasa la juu yetu, soprano wetu mmoja alikuja kuwa mke wake, na aliniambia wimbo wa nyanya bado huimbwa nyumbani kwao watoto wakigoma kulala. Hakujua nani aliupanga. Alidhani ni mwalimu. Amekubali jina liingie. Amekubali pia miaka iwekwe kwa kila mtu, na zile nafasi tano zilizobaki tutafute watu wa nyuma ya kamera kama alivyosema Mama Wawili. Tumeshampata mmoja, fundi wa taa, na yuko radhi.

Mama Wawili, fundi huyo anasema binti yako akitaka kuona meza ya sauti ikifanya kazi, atampeleka siku ambayo hakuna shule. Nitumie ujumbe faraghani.

Ngoma za Umoja, ahsante, kaka yangu. Bila wewe ningeandika kwanza na kumwambia baadaye, nikidhani namfanyia zawadi. Nilimpigia. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama kwenye kitabu bado kuna ule wino mwekundu. Nikamwambia upo. Akaniuliza ni kiasi gani, kwa sababu yeye miaka yote alikuwa na elfu tisa kichwani. Nikamtajia. Akasema, "Kumbe ilikuwa kidogo hivyo."

Siku mbili baadaye ndipo alipokubali. Alitaka mambo mawili: jina lake la kati liandikwe kwa "w" na si kwa "u" kama lilivyo rejistani, na chini yake isiandikwe "mwanamuziki". Iandikwe "besi".

Nimeshapiga rangi ya kwanza na kuweka mistari ya chaki. Herufi za jina lake ni za inchi mbili, sawa na za wengine, za rangi ya dhahabu juu ya kijani cha shule. Nimeandika kila kitu isipokuwa hiyo "w", nimeiacha kwa penseli. Ameniomba nisipake vanishi mpaka aje aone. Anakuja Jumamosi, akitoka mazoezini.